Pikipiki ya kwanza ya mke wangu: nimnunulie ipi?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mume mwenye umri wa miaka 36, fundi wa umeme wa majumbani, na ninaishi Goba, Dar es Salaam, pamoja na mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Mke wangu ni muuguzi katika zahanati iliyopo Tegeta. Tangu ahamishiwe huko mwaka juzi amekuwa akipanda bodaboda kwenda na kurudi, shilingi 3,000 asubuhi na 3,000 jioni, kwa kuwa daladala za njia ya Madale hujaa mapema na zamu yake huanza saa moja na nusu asubuhi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni shilingi 156,000 kila mwezi. Mwezi wa Novemba aliniambia kwamba amechoka kumbembeleza dereva apunguze mwendo na kwamba anataka kujifunza kuendesha pikipiki yake mwenyewe.

Nilianza kumfundisha mimi, kwa pikipiki yangu aina ya Boxer ya cc 150, kwenye uwanja wa mpira ulio jirani na kwetu. Siku tatu za mwanzo alikwenda vizuri. Siku ya nne aliachia klachi ghafla, pikipiki ikaruka mbele, akaanguka nayo, na ekzosi ikamchoma mguuni. Jeraha halikuwa kubwa, lakini kwa ile hofu nilimfokea, na watoto wa mtaani walikuwa wamesimama wakitazama. Tangu siku hiyo msimamo wake ni mmoja: kujifunza atajifunza, ila si kwangu.

Siku yake ya kuzaliwa ni mwezi ujao wa Machi. Nimeweka akiba ya shilingi 3,200,000 na nimekusudia kumnunulia pikipiki bila yeye kujua, aikute tu imeegeshwa barazani. Nina njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua mpya ya cc 150 kama yangu, kwa sababu ina nguvu ya kupanda vilima vya huku kwetu, hatahitaji kuibadilisha akishazoea, na mimi nitaweza kuitumia kwenda shambani Mkuranga pale yangu inapokuwa gereji. Ya pili ni kununua ya jirani yangu, aina hiyohiyo, iliyofanya kazi ya bodaboda kwa miaka mitatu, anayoiuza shilingi 1,800,000. Kadi yake anasema iko kwa mmiliki wa kwanza na kwamba tutaifuatilia baadaye.

Mke wangu si mrefu. Akisimama ananifikia begani. Mama anasema si heshima mwanamke kupanda pikipiki na kuiendesha mbele za watu. Rafiki zangu wananiambia kwamba ninampeleka mke wangu kaburini kwa fedha zangu mwenyewe. Ninampenda mke wangu, Mama, na usiku silali vizuri. Nifanyeje?

Baba wa wawili, Goba


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwanza nakushukuru kwa kuwa mke wako alipokueleza haja yake hukumcheka wala hukumkataza. Ninakujibu nikiwa mwanamke niliyeendesha pikipiki ya kazi kwa miaka 11, nilipokuwa afisa ugani wilayani Kilosa, na katika miezi miwili ya kwanza nilianguka mara nyingi kiasi kwamba nguo zangu zote za kazi zilikuwa na kiraka gotini. Kwa hiyo kuanguka kwa mke wako uwanjani, kwa mwendo wa kutembea, hakunitishi. Kinachonitia wasiwasi ni mambo mawili yaliyomo katika mpango wako, nayo ni ule ukubwa wa pikipiki na ile siri.

Nianze na siri. Pikipiki ya mtu anayejifunza haichaguliwi bila yeye mwenyewe kuikalia. Wewe unaitazama injini, lakini yeye atakayeiendesha ana mambo ambayo wewe huwezi kuyahisi kwa niaba yake: kama nyayo zake zinafika chini, kama vidole vyake vinaufikia mkono wa klachi na ule wa breki bila kulegeza mshiko, na kama anaweza kuitoa kwenye stendi na kuirudisha nyuma kwa miguu pale alipoegesha akiwa ameelekea ukutani. Hayo yote hujulikana dukani ndani ya dakika 10, akiwa amevaa viatu vile atakavyoendea kazini. Hayajulikani kwa kumkadiria mtu kwamba ananifikia begani.

Tena urefu wa kiti si jambo la starehe. Pikipiki nyingi za mjini zina kiti kilicho kwenye sentimita 80 hivi kutoka ardhini, na uzito wake unazidi kilo 100. Maadamu imesimama wima, uzito huo hausikiki. Ikiinama kidogo tu huku mguu ukiwa hewani, hakuna mkono wa binadamu wa kuizuia. Sasa ifikirie njia yenu. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo anaposimama pembeni kumpisha mtu, mguu wake wa kushoto hauangukii kwenye lami, bali kwenye ukingo wake, ambao mara nyingi mvua imeula na umeshuka chini kwa kiganja kizima au zaidi. Mtu mrefu hapo hashtuki. Mtu mfupi juu ya pikipiki ndefu huanguka akiwa amesimama, na huangukia upande wa pili au mtaroni huku gari likipita karibu naye. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu wanunuzi wengi huuliza ulaji wa mafuta na mwendo kabla ya kuuliza jambo hili, ilhali kwa mtu anayeanza hakuna linalolizidi.

Vilima vya Goba umevitaja ukavitumia kutetea cc 150, nami navitumia kupinga. Pikipiki ya cc 100 au 125 yenye mtu mmoja inapanda vilima hivyo kwa gia ya pili bila kulalamika. Kila siku unawaona madereva wa bodaboda wakivipanda na za cc 125 hata pale walipopakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, jambo ambalo ni kosa. Ugumu wa kilima hauko katika nguvu ya injini. Uko katika kuondoka baada ya kusimama katikati yake. Hapo anatakiwa aushikilie uzito wote kwa mguu wa kushoto, mguu wa kulia uwe umekanyaga breki ya nyuma, mkono wa kushoto uachie klachi taratibu hadi asikie mlio wa injini unashuka na pikipiki inataka kwenda, mkono wa kulia uongeze mafuta kidogo, na hapo ndipo breki iachiwe. Ni kazi ya viungo vinne kwa wakati mmoja. Pikipiki iliyo nyepesi na isiyo na pupa humsamehe anapokosea, na hilo ndilo kosa lililomwangusha uwanjani: klachi iliachiwa ghafla kwenye pikipiki yenye nguvu inayotosha kuruka.

Kuna na suala la leseni, ambalo hukuligusa. Daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125. Zinazozidi hapo zinahitaji daraja A. Ukimletea ya cc 150, unamtaka aanzie kwenye daraja la juu wakati bado hajajua kuondoka bila kuzima. Na kabla ya yote anatakiwa awe na leseni ya kujifunzia, ile inayoitwa lena mitaani, ambayo huwezi kuipata bila namba ya mlipakodi. Uwanja wa mpira haukumhitaji kuwa nayo pengine, lakini siku ile magurudumu yatakapogusa Barabara ya Madale atakuwa barabarani kama dereva mwingine yeyote, na pasipo leseni hata bima haitamsaidia.

Sababu yako ya kutaka kwenda nayo Mkuranga niseme waziwazi, kwa kuwa naona umeiandika kwa moyo mweupe: pikipiki inayochaguliwa ili ikufae na wewe shambani ni pikipiki yako ya pili, si ya kwanza ya mke wako. Pia usihofu kwamba ataichoka ndogo baada ya miezi michache. Akifika siku ya kuichoka ina maana amejifunza, na pikipiki ndogo iliyotunzwa, yenye kadi na jina la mmiliki sahihi, haikosi mnunuzi Dar es Salaam hata siku moja.

Ya jirani usiichukue. Miaka mitatu ya bodaboda katika vumbi na madimbwi ya Goba si midogo, na mtu anayejifunza hawezi kutofautisha kosa lake na ubovu wa chombo: klachi iliyokwisha itamfundisha kuachia vibaya, breki ya nyuma iliyolegea itamfundisha kuogopa vilima, na kila itakapozima atadhani ni yeye. Lakini hata ingekuwa nzima, neno la kadi tutaifuatilia baadaye linatosha kukurudisha nyumbani na fedha zako. Kadi ya usajili huonekana kwanza, namba ya chesisi na ya injini hulinganishwa na zilizoandikwa humo, deni la faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya pikipiki, na umiliki hubadilishwa Mamlaka ya Mapato mkiwa na mkataba wa mauziano. Muuzaji aliye mkweli hatakataa lolote kati ya hayo.

Basi ipi? Mimi ningempeleka akajaribu aina tatu. Skuta haina klachi wala gia, kiti chake kiko chini kidogo, na mwenye gauni hukalia bila tabu. Kwa mtu wa Mikocheni au Masaki ningesema chukua. Tatizo ni magurudumu yake madogo, mengi ya inchi 10 au 12, ambayo huzama kwenye mashimo na kuyumba kwenye mchanga, na kama kutoka lami hadi mlangoni kwenu kuna mchanga na makorongo kama nilivyoyaona sehemu nyingi za Goba, itamsumbua kila asubuhi. Aina ya pili ni zile zenye gia za mguu lakini bila mkono wa klachi, za muundo wa Honda Super Cub iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958 na kupita idadi ya milioni 100 mwaka 2017. Hizo zina magurudumu ya inchi 17, ni nyepesi, na zinapunguza ile kazi ya viungo vinne kilimani hadi kuwa ya vitatu. Nakiri kwamba nazipenda, kwa kuwa nilijifunzia kwenye ya namna hiyo. Hata hivyo, kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wako umuulize kama spea zake anazipata kwa urahisi Kariakoo, maana pikipiki iliyolala gereji wiki mbili itamrudisha kwenye bodaboda. Ya tatu ni pikipiki ya kawaida ya cc 100 au 125 yenye selfu, yaani inayowashwa kwa kitufe, ya aina ambayo kila gereji ya mtaani inaijua. Kama nyayo zake zinafika chini, na ameikalia akaipenda, hii ya tatu ndiyo ningeinunua kwa njia ya Goba na Tegeta.

Usitumie akiba yote kwenye chombo. Tenga kwanza fedha za mafunzo, leseni, bima na mavazi, kisha kinachobaki ndicho kikuchagulie kati ya mpya na iliyotumika. Kofia ngumu achague yeye, kichwani pake, akiwa amesuka au amevaa mtandio kama anavyokwenda kazini siku zote. Ikae imebana mashavu, isizunguke anapotikisa kichwa, na mkanda ufungwe. Tathmini ya tafiti iliyotolewa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ilionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takribani asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Anunue glavu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Gauni la kazi libebwe kwenye mkoba, akalivae zahanati. Barabarani avae suruali, ambayo pia itamkinga na ekzosi. Dera, baibui na khanga visipandishwe pikipiki ovyo, kwa kuwa upepo huvipeleka kwenye cheni na spoki, nami nimemwona mama mmoja akivutwa chini kwa ncha ya khanga yake.

Kuhusu ualimu, mwanangu, mwachie mtu mwingine. Najua ulifoka kwa hofu na si kwa dharau, lakini yeye alikuwa ardhini, mguu unaungua, na sauti aliyoisikia ilikuwa yako. Mtu anayejifunza huku akichunga uso wa mwenzake hana macho ya kutosha kutazama anakokwenda, na pikipiki huenda pale macho yanapotazama. Mwombe radhi kwa siku ile, bila kueleza sana. Kisha mtafutieni mafunzo: VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha udereva, na zipo shule za udereva, ila ulizeni mapema kama wana pikipiki na mwalimu wake, maana nyingi zimezoea magari. Mwalimu mzuri mtamtambua kwa kuwa atamweka mke wako siku nzima akiachia klachi bila kuongeza mafuta, akienda mwendo wa kutembea, akigeuza kwenye eneo dogo, na akijifunza kutumia breki mbili pamoja. Hilo la breki msilipuuze. Madereva wengi wa mitaani wanaiogopa breki ya mbele na kuwarithisha wengine hofu hiyo, ilhali pikipiki inapopunguza mwendo uzito mwingi huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Inakandamizwa taratibu, haifinywi kwa pupa, na haitumiki usukani ukiwa umekatwa au juu ya mchanga.

Njia ya kazini aianze Jumapili asubuhi, si Jumatatu. Aende hadi Tegeta na kurudi mara kadhaa wakati barabara ni tupu, ajue kila tuta, kila kona na kila mahali daladala zinaposhusha. Karibu na Wazo atakutana na malori ya saruji, nayo hayamwoni mtu aliye ubavuni mwake kwa nyuma. Akiwa hawezi kuviona vioo vya lori, ajue kwamba dereva naye hamwoni yeye. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 11 kabla breki haijaguswa, kwa hiyo asifuate gari kwa karibu hata akipigiwa honi. Masika nayo yanakaribia. Mvua inapoanza tu, mafuta na vumbi vilivyolala juu ya lami huelea na barabara huteleza kuliko inavyoteleza baadaye; kama kufikia wakati huo hajakomaa, aendelee na bodaboda hadi mvua zipungue, na hiyo isihesabiwe kuwa kushindwa. Vilevile, asubuhi anapotoka zamu ya usiku asiendeshe. Mtu aliyekesha anahudumia wagonjwa husinzia bila kujua amesinzia, na nauli ya shilingi 3,000 siku hiyo ni ndogo. Wewe na watoto msipande nyuma yake kwa miezi ya kwanza, kwani abiria hubadilisha uzito, breki na kona zote alizozizoea.

Rafiki zako hawakudanganyi kwamba pikipiki ina hatari. Ila wanasahau kwamba mke wako yupo juu ya pikipiki hata sasa, mara mbili kwa siku, nyuma ya dereva asiyemchagua, na sidhani kama kila siku anapewa kofia. Anachokuomba ni kushika breki mwenyewe. Mama yako mweleze hivyo hivyo, kwa upole, mkiwa wawili, na umkumbushe kwamba wauguzi, walimu na maafisa ugani wanawake wamekuwa wakiendesha pikipiki vijijini kwa miaka mingi na hakuna aliyewavunjia heshima kwa kuwafikia wagonjwa na wakulima mapema. Mzee anayeishi nawe asilisikie jambo hili kwa mara ya kwanza siku pikipiki inapoingia uani.

Siku ya kuzaliwa usiiache ipite bure. Mnunulie kofia ngumu, kwa kwenda naye dukani, na ulipie ada ya mafunzo. Lakini usingoje Machi kumwambia. Leo jioni, watoto wakishalala, mweleze kwamba fedha zipo na ni kiasi gani, kwamba kadi itaandikwa jina lake, na umuulize Jumamosi ipi hana zamu ili mwende kuzikalia.

Mama Mshauri